Shimo Nililoliongeza Kina

Serikali ilipofungulia watu biashara, mama yetu alianza kuuza mitumba kando ya barabara kuu pale Mikumi, na mdogo wangu wa miezi saba akaachwa mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi, tena bingwa wa kukwepa mpira kwenye rede. Hakuna aliyeweza kunipiga mpira kabla sijajaza chupa mchanga. Hata leo nikilisema najisikia raha, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Bibi alikuwa amechimba shimo dogo uani, akalitandika khanga kuukuu, mtoto akae humo mgongo upate kukaza. Kabla ya kurudi shambani kwake Vidunda aliniambia, "Akishakaa mwenyewe, mtoe. Mwache atambae, ale vumbi."

Haikupita muda akawa anakaa mwenyewe. Nikamtoa. Siku ya kwanza alitambaa hadi kwenye mafiga. Ya pili akaingia katikati ya mchezo wetu, nikamwangalia yeye, mpira ukanipata. Nikamrudisha shimoni kwa hasira. Alipopata nguvu za kujivuta atoke, nilichukua jembe nikaliongeza shimo kina. Jioni nilimpangusa udongo kabla mama hajafika.

Alitembea akiwa amepita miaka miwili. Kliniki, nesi aliuliza kama mtoto huachwa chini acheze. Mama akanigeukia.

"Ndiyo," nikajibu, macho makavu.

Shuleni wenzake walipocheza rede, yeye aliwashikia viatu. Sasa ana presha, ameambiwa atembee kila siku, naye hupanda bodaboda hata kwenda sokoni. "Dada, mimi mazoezi sikuumbiwa," husema akicheka. Daktari niliyemuuliza kwa siri alinijibu kwamba sababu huwa nyingi. Sawa, huwa nyingi. Lakini jembe nililishika mimi.

Mwezi uliopita alikuja kwangu Kilosa na kitinda mimba wake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu."

Akanipa mtoto. "Mgongo wake bado mlegevu huyu. Mchimbie shimo, kama ulivyonichimbia mimi. Kila mtu namwambia, mama alikuwa kwenye biashara, dada ndiye aliyenilea."

Nilitandika mkeka, nikamlaza mtoto kifudifudi.

"Jembe limevunjika mpini," nikamwambia.

Lilikuwa nyuma ya mlango, zima.