Sahani ya Mwisho

Mama Upawa alipika katika shule ile miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona hata mtoto mmoja akila. Usishangae. Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha la kugawia chakula, na juu yake ubao mpana uliopigiliwa enzi za kuni ili moshi usiwafikie watoto. Kuni zikaondoka, ikaja gesi, ubao ukabaki. Chini yake palibaki uwazi wa kupitisha sahani tu, kwa hiyo alichoona yeye ni mikono.

Lakini mikono hiyo aliijua ajabu. Alijua wenye kucha zilizotafunwa, wenye wino usiotoka, na ule mwembamba uliotetemeka kila Jumatatu, maana nyumbani kwao Jumapili ilipita kavu. Huo aliuongezea upawa wa pili. Watoto mia sita, na wa Jumatatu hakuchanganya hata siku moja. Mimi majina ya majirani zangu yananishinda.

Hilo jina la Mama Upawa walimpa watoto wenyewe, naye alilivaa kama nishani.

Mwaka wa kumi na tisa afisa lishe wa wilaya akaja na mizani kupima makombo. Alikuwa binti mpole, na alipomaliza alikuna kichwa kwanza.

"Mama, ndoo nne zimejaa. Chakula ni cha bure na bado wanakimwaga. Ofisini wamesema mwisho wa mwezi zikiwa hivi hivi, jiko linafungwa, chakula kitakuwa kinaletwa na gari."

"Mwanangu, chumvi ilikolea na maharage yaliiva. Nimeonja mwenyewe."

Na kweli alionja. Kila siku saa tano na nusu alidondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akafumba macho, akatikisa kichwa kuridhika. Hakuna aliyethubutu kugawa kabla ya kichwa hicho kutikisika.

Jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani mstaafu asiyejua kubembeleza.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," mzee alisema. "Wewe mwenzangu hata hukungoja kusifiwa. Unapika mwenyewe, unaonja mwenyewe, unajipigia makofi mwenyewe."

Mama Upawa alinuna, akampa mgongo hadi asubuhi. Hata hivyo neno lilikuwa limeshamwingia.

Kesho yake alivua aproni, akamwachia msaidizi wake upawa, akachukua sahani na kwenda kusimama mwisho wa foleni. Huko mwisho ndiko walikokuwa darasa la kwanza, kwa sababu utaratibu wa miaka mingi ulitaka wakubwa wenye mitihani watangulie. Alisimama dakika arobaini, miguu ikawaka moto. Mbele yake palikuwa na kasichana kenye kidole gumba kilichopinda, na alipokiona kidole kile moyo ulimruka. Alikifahamu sana. Hakuwahi kujiuliza kwa nini kila siku kilikuja cha mwisho.

Wakakaa pamoja. Wali ulikuwa umepoa ukashikana madonge. Maharage yalikuwa ya chini ya sufuria, mchuzi umekauka motoni chumvi ikabaki, na tonge la kwanza alilimeza kwa taabu. Kasichana kalikula matonge matatu, kakanyanyuka kwenda kumwaga.

"Mbona huli, mjukuu wangu?"

"Kinachoma kooni. Kila siku."

"Na mbona husemi?"

"Nimwambie nani? Pale dirishani hamna mtu. Kuna upawa tu."

Nishani ya miaka kumi na tisa ilimdondoka kifuani. Alikuwa ameonja sahani ya kwanza maisha yake yote, na ya mwisho aliwaachia waliokuwa wadogo kuliko wote. Aliona aibu iliyomkausha mate.

Hakulala juu ya aibu yake. Siku ileile alimwomba mwalimu mkuu wadogo watangulie. Akaanza kupikia sufuria mbili, ya pili akiibandika baadaye ili wakubwa nao waikute moto. Kuonja kiganjani hakuacha, mazoea yana taabu, ila sasa chakula chake yeye kilikuwa sahani ya mwisho kabisa. Halafu, mwezi ukikaribia kwisha, akamwita fundi seremala, ubao wa moshi ukang'olewa.

Mwisho wa mwezi afisa lishe alirudi na mizani yake. Makombo ya jana yake yalikuwa ndoo moja, tena haikufika nusu. Akapima mara mbili, akaandika, akamwambia kwamba jiko linabaki.

Mama Upawa hakumsikia. Alikuwa ameegemea dirisha lisilo na ubao, akitazama ukumbi. Watoto mia sita walikuwa wanakula, na mia sita hao walikuwa kimya, ukimya ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuupata kwa kengele wala kwa fimbo. Vichwa vyote vile vilivyoinama alivilisha yeye, na kutoka jikoni kwake ndiyo kwanza anaviona.

Kasichana ka kidole kilichopinda kalikuja kurudisha sahani yake ikiwa nyeupe. Kakainua uso, kakamtazama.

"Shikamoo, bibi."

Tangu apewe kazi ile hakuna aliyewahi kuusalimia upawa. Alifungua mdomo aseme marahaba, sauti ikagoma. Kasichana kalingoja pale pale dirishani mpaka aliposema.