Siku Mtaa Wetu “Ulipoinuliwa”

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ile nchi yetu ilipoitwa Zaïre na sote tukiitana citoyen, yaani raia, kaka yangu Cirhuza alisimama juu ya ngazi za kanisa akiwa na kipaza sauti mkononi. Tulikaa hapa hapa Bukavu, kwenye mteremko unaotazama ziwa, katika nyumba za mbao na mabati. Cirhuza alikuwa na maneno matamu. Arusini na matangani ndiye aliyeombwa kusema. Kwa hiyo ofisi moja ya mji ilimpa kazi ya kututangazia mambo yake.

“Bacitoyens,” alisema, “mutaa wetu itainuliwa! Kila familia itapata mafasi mupya kule juu, kwenye hewa muzuri!”

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, msichana wa sekondari, usinicheke. Niliposikia “itainuliwa” niliona sakafu ya simenti, bomba la maji uani, mama akianika nguo pasipo matope. Cirhuza hakuwa ametaja hata kimoja. Mengine yote niliyajaza mwenyewe, na kila jirani alijaza yake. Maman Nabintu, mjane wa nyumba ya pili, aliimba njia nzima akirudi kwake.

Papa, baba yetu, hakupiga makofi. Alikuwa infirmier, muuguzi wa hospitali, kazi iliyomzoesha kuwapa watu habari mbaya akiwatazama usoni. Cirhuza alipokuja kula mchana, papa alimngoja amalize.

“Ile neno kuinuliwa, njo nini?”

“Papa, ni vile banasema ku biro, ku ofisi ya muji.”

“Sikuulize biro. Nakuuliza hii nyumba. Itabakia, ao itabomolewa?”

Cirhuza alitazama sahani. “Itabomolewa.”

“Na kule juu, iko nyumba?”

“Hapana, papa. Iko majani tu.”

“Basi rudia useme vile. Na sauti ile ile.”

Papa hakukasirika, na labda ndiyo maana Cirhuza alishindwa kubisha. Alijua kazi itapotea. Hata hivyo alichukua kipaza sauti chake na kurudi kanisani, watu wakakusanyika tena. Safari hii alisema waziwazi: “Nyumba zenu zitabomolewa. Kule juu hakuna kitu.”

Maman Nabintu alikaa chini palepale. Vijana wawili walimtukana Cirhuza. Halafu, polepole, watu walirudi makwao, na jioni mtaa mzima ulisikika ukigongwa: watu walikuwa waking’oa misumari.

Mashine za kubomoa zilipokuja zilikuta kuta tupu. Mabati, milango na boriti vilikuwa vimekwisha kubebwa kichwani mpaka juu. Kuhama tulihama, sikufichi, na msimu ule tulinyeshewa. Lakini tulikuwa na cha kujiezekea. Katika mtaa wa chini yetu, mtangazaji wao alishikilia lile neno lake tamu mpaka mwisho. Wale mashine ziliwakuta wakingali wanashangilia, na mabati yao yalisagwa pamoja na kuta.

Cirhuza alifukuzwa. Ofisini walisema amepumzishwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikuambii uogope maneno mazuri. Mengine ni mazuri kweli. Lakini mtu akikuletea neno linalokufurahisha kabla hujalielewa, mwulize kama papa alivyouliza: nani atafanya nini, atamfanyia nani, na wewe siku hiyo utalala wapi. Asiye na hila atakujibu. Na siku utakapopewa wewe kipaza sauti, kwa maana kila mtu hupewa siku moja, nyumbani kwake au kazini, sema jambo kwa jina lake, hata kama wanaokusikiliza watakaa chini na kulia. Wape nafasi ya kujiandaa.

Mungu akupe sikio lisilo na haraka. Akupe ulimi ambao watoto wako hawatalazimika kuuchunguza. Na popote utakapojenga, ulale humo kwa amani.