Mishale ya Wimbo wa Kwaya

Fundi wa saiba, duka la kompyuta, ya Noonkopir hugonga meza kwa kidole cha kati, jicho moja amelifumba, na kila baada ya pigo la nne husema "zii" kama mtu anayekataa chai. Muthoki, mwalimu wa kwaya, ameisikia "zii" hiyo tangu asubuhi. Mashindano ya vijana kanisani ni saa nane, na wimbo wao bado haujaingia kwenye ule mchezo wa kompyuta ambao mishale hupanda kwenye skrini, nawe unaikanyaga mkekani kwa kufuata mdundo. Wimbo huo usipokuwa tayari, vijana watachezea wimbo wa kwaya ya Kiserian, uliopigwa kwa kinanda na usioyumba hata chembe.

"Fundi, weka tu mdundo mmoja, twende."

"Madam, hawa wamama wako wa kwaya wakifurahi wanakimbiza wimbo. Mishale itawangoja wapi?" Akarudia kipande kilekile cha sekunde mbili mara tisa, akaongeza kasi ya mishale kidogo, akapuliza vumbi kwenye kibodi.

Saa saba na nusu Muthoki alivua viatu, akapanda mkekani bila kuombwa. Hakukosa mshale hata mmoja. Akageuka akihema, mkono ameshaunyoosha achukue diski ya mchezo. Fundi hakuwa ameangalia skrini. Alikuwa amefumba macho yote mawili, akisikiliza miguu ya Muthoki.

"Kwa kiitikio kuna mshale mmoja umeungoja," alisema kwa upole. "Nimesikia." Akafuta mishale yote ya kiitikio.

Muthoki akaangalia saa, akasonya, akavuta kiti karibu na kuanza kumpigia makofi ya kiitikio, polepole, tangu mwanzo.