Funguo Ndani ya Friji

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa Mama Kimya ni masikio yake. Si kwamba ni makubwa, bali hutangulia kufika. Akibisha hodi na kukaribishwa, husimama kwanza mlangoni, kichwa kimeinama upande kama kuku aliyesikia punje ikianguka, akikisikiliza chumba kabla ya kuwasalimu waliomo. Bomba linadondosha. Feni inalalamika. Friji inanguruma. Ndipo husema, "Hamjambo humu?"

Ugonjwa huo aliupata kazini. Kwa miaka mingi alirekodi video za harusi na mahafali, na neno lake la "Kimya!" likamganda hadi likawa jina. Lakini moyoni alibeba filamu ndefu, filamu kamili: binti anafukuzwa nyumbani na baba mwenye roho ya jiwe, anatangatanga, kisha siku moja anarudi na kubisha mlango.

Mfuko ulikuwa mwepesi, basi akajikuna pale mkono ulipofika. Binti aliigizwa na nesi wa zahanati ya mtaani. Baba katili aliigizwa na shemeji yake, dereva mstaafu ambaye hata mbu humfukuza kwa adabu. Nyumba ilikuwa ya dada yake mkubwa, mke wa shemeji huyo na muuza barafu za juisi.

"Friji izimeni mkirekodi, isiwangurumie," dada alikubali shingo upande, "lakini mkimaliza muiwashe. Barafu zangu ndizo mshahara wangu."

Mama Kimya alikuwa na dawa ya hilo. Kila alipoizima friji, alitumbukiza humo funguo za gari lake. Nani angeweza kuondoka bila kuifungua, na nani angeifungua asikumbuke kuiwasha? Mbinu hiyo haikumwangusha hata mara moja, mpaka siku gari lilipokuwa gereji na wote wakaja kwa miguu. Walirekodi vizuri, wakapongezana, wakaenda zao wakiimba.

Asubuhi Dada alifungua friji, juisi ikamlaki miguuni.

"Mdogo wangu," alisema kwenye simu, kwa upole wa kutisha, "filamu yako imekwisha."

"Bado, Dada. Imebaki sehemu moja tu."

"Nimesema imekwisha. Mlango huu usiuone tena."

Sehemu moja tu, lakini ndiyo hiyo: binti kurudi nyumbani. Na nesi alikuwa amehamishwa; Jumatatu angesafiri kwenda kituo kipya, mbali sana. Filamu isiyo na mwisho nani ataitazama?

Jumamosi asubuhi Mama Kimya alibisha hodi, kompyuta kwapani.

"Dada, samahani nimeshaomba hadi zimeniishia. Leo sikuombi mlango. Nataka tu uone kilichokunywa barafu zako."

Dada aliketi, mikono imekunjwa kifuani. Shemeji akajibanza nyuma ya kiti. Picha zikaanza kupita.

"Mapazia yangu hayo!" Dada alisahau kununa. "Kumbe ni mazuri hivi?"

Kisha baba akatupa nje begi la binti yake na kumwonyesha njia kwa kidole. Dada aligeuka akamchapa mumewe kofi la bega.

"Mzee mzima, huna hata huruma!"

"Mama watoto, naigiza!"

"Unaigiza wapi? Kidole hicho hicho ulimnyooshea fundi bomba!"

Shemeji akaficha kidole mfukoni. Binti akatangatanga, akaugua, akapona, akashika njia ya kwao. Kioo kikawa cheusi.

"Halafu?" Dada akauliza.

"Halafu nini?"

"Huyo mtoto! Anarudi, harudi?"

"Alikuwa arudi, Dada. Ila mlango umefungwa."

Dada alimgeukia mdogo wake. Midomo ikaanza kumcheza.

"Tangu utotoni wewe ni mjanja. Haya, mwite huyo nesi, arudi leo hii nimwone kwa macho yangu. Na friji nitaizima mimi, niiwashe mimi. Nyie msiiguse!"

Walirekodi hadi jua likainama, maana kila mara binti alipopiga magoti mbele ya baba, sauti ilitoka jikoni: "Msamehe basi, we mzee!" Mwishowe Dada alijiziba mdomo kwa kitambaa, wakaipata.

Leo filamu inaonyeshwa kwa mara ya kwanza, uani kwa Dada. Ukuta umepakwa rangi nyeupe, viti vimeazimwa nyumba kwa nyumba, na nesi amepiga simu kwamba ameshashuka stendi. Shemeji amevaa miwani myeusi, akihofia majirani watakavyomwangalia baadaye. Wanaomdadisi Dada kuhusu mwisho hujibiwa, "Kaa uone." Mama Kimya amesimama kando ya mashine ya kuonyeshea. Kinachosubiriwa ni giza tu, kwani mwanga bado umetanda ukutani.

"Jamani," Dada anauliza akitazama angani, mkono kiunoni, "hili jua leo linamngoja nani?"