Kaya Namba Sitini na Tatu

Eudocia Ccoyllo alikuwa na fimbo ya mkaratusi, na kila Agosti fimbo hiyo ilimfanya achukiwe na kijiji kizima kwa siku tatu. Ndiyo iliyopima msaragambo wa mfereji, kazi ya pamoja ya kuuzoa tope. Mwenye shamba dogo alizoa tope fimbo nne, mwenye shamba kubwa kumi, na asiyetokea alitozwa chupa mbili za pombe ya miwa, ambazo waliotokea walizinywa kwa niaba yake bila kinyongo.

Kampuni ya mgodi, iliyochota maji ya mfereji huohuo kuoshea mawe yake, haikuwahi kupimiwa hata fimbo moja. Sehemu yake waligawana wengine, wakaizoa juujuu. Eudocia, mjane mwenye kishamba cha maharage mkiani mwa mfereji, alizoa fimbo zake nne na tatu za kampuni, kisha akasubiri maji. Mwaka uliopita hayakumfikia kabisa. Alivuna maharage ya kujaza kofia.

Basi mwaka huu alisimama mkutanoni akataka kampuni iandikwe kwenye orodha ya kaya.

"Kaya?" alishangaa Fortunato Mallqui, mwenyekiti wa kijiji. "Dada Eudocia, kampuni haina mke, haina watoto, haina hata jiko."

"Wewe mkeo alikukimbia, mwenyekiti. Tulikufuta?"

Kampuni ikaandikwa, kaya namba sitini na tatu. Kwa maji iliyotumia, ilistahili fimbo mia tatu.

Siku ya kazi kampuni ilimtuma mhandisi mmoja, Bwana Larrauri, mtu wa pwani mwenye adabu na koleo ambalo bado lilikuwa na kibandiko cha bei.

"Mama," alisema, "serikali ilitusamehe kodi miaka kumi ili tulete ajira."

"Kumi! Mimi nilisamehewa siku moja, nilipojifungua. Kesho yake mwenyekiti akaniletea koleo."

"Mkitubana, itabidi tupunguze gharama mahali fulani."

"Punguza, baba. Anzia hapa," alisema Eudocia, akimwonyesha tope.

Hadi adhuhuri mhandisi alikuwa amemaliza fimbo moja na nusu, midomo imekuwa ya zambarau kwa hewa nyembamba ya milimani. Wanawake walimpa majani ya koka atafune, bisi, na ushauri mwingi kuliko vyote viwili.

Kesho yake kampuni iliajiri wanaume thelathini wa kijijini wazoe sehemu yake. Watu walewale, tope lilelile, ila sasa kwa mshahara. Kijiji kikaafikiana kwamba haki ni kitu kitamu sana.

Utamu ulidumu hadi barua ilipofika. Kwa sababu ya gharama zisizotarajiwa, kampuni ilisikitika kwamba Krismasi hii haitagawa mikate mitamu wala chokoleti kama ilivyozoea.

Mkutano ukaitishwa mbio, jambo ambalo ukame haukuwahi kulifanikisha.

"Tuisamehe tu," alisema Saturnino, jirani na shemeji yake Eudocia, ambaye shamba lake lilikuwa juu, penye maji. "Krismasi bila mkate ni Jumanne tu."

"Shemeji, mkate ule naupenda kuliko wewe," alisema Eudocia. Ilikuwa kweli, wa kwake aliula peke yake, mlango umefungwa. "Sawa, tuisamehe. Lakini tope halisameheki, Agosti ijayo litarudi, na litazolewa na mtu. Fimbo mia tatu. Nianze kumpimia nani?"

Saturnino aliichunguza kofia yake kama aliyeinunua asubuhi hiyo.

"Mwenyekiti? Wewe huna mke wa kukuzuia."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kampuni ikabaki kaya.

Septemba, siku ya zamu yake ya maji, Eudocia alisimama kwenye lango la kishamba chake tangu alfajiri, sketi ameipandisha magotini. Maji yalifika saa nne, mazito, ya rangi ya kahawia, yakatambaa hadi tuta la mwisho. Aliyaangalia kwa muda mrefu, kwa shaka, kama mtu aliyeletewa zawadi na asiyemfahamu.

Desemba alichemsha sufuria kubwa ya maharage mabichi, akawaita majirani. Walikuja wote. Walikula wakilalamika kuhusu mkate, na walipomaliza kulalamika wakaomba waongezewe.