Maji ya Pili ya Mama Matone

Jina la Mama Matone lilianza kama dhihaka. Majirani walimwona akiweka sufuria chini ya bomba linalovuja, akikinga maji ya kuoshea mchele, wakasema huyu hata machozi yake atayakinga. Hakununa. Mwanamke aliyelea watoto wanne kwa cherehani moja hatishwi na jina.

Uani, nyuma ya nyumba aliyopanga, alikuwa na bustani ndogo: mchicha, nyanya, bilinganya na bamia. Katikati ya kila tuta alizika mtungi wa udongo hadi shingoni, akaufunika kwa kigae. Maji yalipenya polepole ukutani mwa mtungi, na mizizi ikayafuata yenyewe kama kichanga anavyotafuta ziwa. Juu ya udongo alitandaza nyasi kavu.

"Jua ni mwizi wa mchana," alipenda kusema. "Mwizi hapigiwi kelele, anafungiwa mlango."

Maji ya kujazia mitungi aliyaita maji ya pili, kwa kuwa yalishaosha mchele au mboga na sasa yanakwenda kazi ya pili.

Shida ilikuja siku mwenye nyumba aliposimama uani, mikono kiunoni.

"Ndiyo hii inayokunywa maji yangu," alisema. "Nitamwaga zege hapa, pawe pa kuegesha gari."

"Haijawahi kuonja maji ya bomba, mzee wangu."

"Basi inakunywa chai?"

"Kesho si mgao unaanza? Bomba litakauka wiki nzima. Maji yakirudi, njoo. Ukikuta mboga zimekufa, lete fundi wako wa zege."

Maneno yalikwisha kumtoka, na yakitoka hayana kurudi. Mchana ule alishona gauni la mteja, mkono mmoja akautia ndani nje. Ikabidi afumue.

Wiki ile wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amekuja kukaa naye pamoja na mtoto wake mchanga. Alikuwa mtu wa kupenda kusaidia, tena bila kuulizwa. Siku moja Mama Matone alirudi kutoka kupeleka nguo kwa mteja, akasimama uani akinusa.

"Wifi, mbona bamia zinanuka hospitali?"

"Nimezinywesha, wifi yangu. Si unasema maji ya pili ni ya mboga?"

"Maji ya pili ya nini?"

"Ya nepi. Ya kwanza nimeyamwaga chooni, yalikuwa na povu. Ya pili ndiyo ya kusuuza, na humo natia ile dawa ya kung'arisha."

Mama Matone aliketi juu ya ndoo. Alitaka kugomba, lakini angegombea nini? Kila anayefua anajua maji ya pili ni ya kusuuza. Ni yeye aliyejitungia neno lake jikoni, akadhani dunia nzima imelisikia.

"Umemwaga wapi? Mtungini?"

"Mtungini? Mimi nilidhani hicho kigae kimefunika kaburi la paka. Nimemwaga juu ya nyasi."

Hapo pumzi zikamrudia. Nyasi zilikuwa zimenyonya sehemu kubwa. Walizizoa zote, kisha wakakwangua udongo uliolowa, mmoja na mwiko, mwingine na kijiko, mtoto akilala mgongoni. Wakaweka udongo mpya uliochanganywa na mbolea ya maganda, wakatandaza nyasi nyingine. Bamia kadhaa zilipukutisha majani. Kila asubuhi Mama Matone alizikagua kabla hajanawa uso, na wifi nyuma yake akiuliza kama muuguzi wa zamu, "Zimeamkaje?"

Maji yalirudi, na mwenye nyumba akaja. Alitembea kati ya matuta. Aliinama, akapenyeza kidole chini ya nyasi, akakitoa na udongo mbichi.

"Haya ni maji ya bomba gani?"

Kabla Mama Matone hajafungua mdomo, wifi alidakia. "Ni ya mchele, mzee. Hapa mchele unaosha mikono kabla ya kuliwa. Na hizo bamia zilizonyonyoka ni mimi nilizinyonyoa kwa maji ya nepi, usimsingizie wifi yangu wala mgao."

Mwenye nyumba alikifuta kidole kwenye suruali. Alifunua kigae, akachungulia mtungini, akakirudisha taratibu. Kisha akatoa simu, akampigia fundi.

"Lile zege la uani, liache. Ndiyo. Pana mboga."

Mama Matone hakucheka wala hakupiga vigelegele. Alisimama katikati ya matuta yake, kanga kiunoni, kama bibi harusi anayejua kwamba watu wote wamekuja kwa ajili yake.

"Wifi," alisema, "lete kikapu tumchumie mzee mchicha. Na huo wa leo hatuuoshi. Akauoshe kwake, maji yake ayapeleke kwenye maua ya mkewe."

"Ya kwanza au ya pili?" aliuliza mwenye nyumba.

Wakamweleza wote wawili kwa pamoja.