Viatu vya Meza ya Dobi

Asubuhi hii, dobi ambaye mtaa mzima humwita Mama Mrefu hapigi pasi. Ameketi kwenye kiti chenye mto, karibu na dirisha la duka lake, akimtazama binti yake aliyeinama juu ya meza. Kila pasi ya mkaa inaposhuka kwenye kola ya shati, mama anakunja uso, utadhani yeye ndiye anayeumia.

"Mgongo wangu umekwisha," anasema. "Hata mjukuu siwezi kumbeba. Akinikimbilia, inabidi nikae kwanza ndipo nimkumbatie."

Meza hiyo ilitengenezwa na mumewe, seremala, kwa kipimo cha mama yake, dobi wa kwanza wa duka hili. Bibi huyo ni mfupi. Meza ilimfika kiunoni. Mkwewe, Mama Mrefu, inamfika mapajani. Alipoachiwa duka, Mama Mrefu akainama, na akaendelea kuinama miaka kumi na tisa.

Si kwamba hakuonywa. Mapema kabisa, mumewe alichonga vigogo vinne vyenye mashimo ya kuingiza miguu ya meza ili ipande. Akaviita viatu.

"Nilimjia juu," anakumbuka. "Nikamwambia, baba watoto, ukiigusa meza ya mama tutagombana. Ningeonekana najifanya najua kuliko mama mkwe."

Basi kiatu kimoja kikawa cha kuzuia mlango, kingine kigoda cha mjukuu, viwili vikaishia jikoni siku mkaa ulipokosekana. Wateja wakichungulia dirishani walimsifu: huyu mama hana mchezo, ona anavyoinama! Sifa zikamlevya. Maumivu akayapaka dawa na kunyamaza, mpaka siku moja aliposhindwa kunyooka.

Mama mkwe alikuja kumjulia hali. Mama Mrefu akamweleza yote, akitarajia pole. Bibi akamtazama kwa mshangao.

"Mwanangu, mimi nilikuwa napiga pasi nimesimama wima. Nani alikwambia uiname?"

Mama Mrefu anayarudia maneno hayo polepole. Hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo linalomuuma kuliko mgongo.

Binti amerithi urefu wake. Ana wiki tatu tu kazini, na juzi mama alimwona akijishika kiuno. Hakulala. Kulipokucha alimwamsha mumewe, akamwomba kile alichokikataa zamani.

Sasa seremala anaingia na viatu viwili vipya na kile cha mlangoni. Cha nne kimekaliwa na mjukuu, ambaye hataki kuinuka mpaka ahongwe biskuti. Baba na binti wanainua meza, wanaivisha miguu viatu. Binti anashika pasi. Mgongo umenyooka.

"Kumbe ni hivyo tu," Mama Mrefu anasema, na machozi yanamtoka.

Daktari amemkataza kazi nzito. Lakini mwakani mjukuu anaanza shule, na Mama Mrefu ameshaweka nadhiri: sare ya siku ya kwanza ataipiga pasi mwenyewe, kwenye meza hii, akiwa amesimama wima.